Kazi ya Nyumbani ya Bosi

Habari iliyotia chumvi kwenye kahawa ya watu asubuhi ile ilikuwa imebandikwa mlangoni mwa ofisi. Kufuli, mlinzi wa geti, aliileta kijiweni mbio mbio akiwa ameikariri yote.

"Intaneti imefungwa! Kuanzia leo, mfanyakazi anayesoma chuo akasomee kwao!"

Digrii akashusha kikombe. Huyu ni karani wa masjala, mwaka wa sita sasa anaisaka digrii ya miaka mitatu, na jina alilipatia hapo. Saa nne asubuhi hiyo hiyo alikuwa na mtihani wa mtandaoni, somo alilokwisha kulifeli mara mbili. Akilifeli tena chuo kinamtimua, na mama mkwe wake ameshashona gauni la mahafali. Aliogopa, tena aliogopa sana.

"Tumekwisha," alisema Dada Mapokezi. Yeye husikiliza vipindi vyake palepale mezani kwa vifaa vya masikioni. Humjibu mhadhiri "ndiyo mheshimiwa," na wageni, wakidhani anaongea na waziri, hungoja kwa adabu.

"Wewe afadhali," alisema Kufuli. "Mimi uhasibu nausomea kwenye skrini ya kamera za geti! Mhadhiri nampa skrini nzima, mwizi namwachia kakona."

"Kumbe ndiyo maana lile jenereta lilitoka mchana kweupe?" aliuliza Mzee Kikombe, muuza kahawa.

"Siku ile tulikuwa na jaribio, mzee wangu. Usinitoneshe kidonda. Sikilizeni haya: 'Mfanyakazi atakayeonekana akitabasamu mbele ya kompyuta achunguzwe, kwa kuwa kazi za ofisi hii hazichekeshi.'"

"Makubwa!"

"'Simu isiende msalani pamoja na mwenyewe.'"

"Kifungu hicho kimenilenga mimi!" Dada Mapokezi akapiga paja. "Aliyeandika anatujua mpaka tunapokwenda haja. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Ana roho ya korosho!" alisema Kufuli. "Apaliwe na maji ya kunywa!"

Digrii akapaliwa na kahawa. Mzee Kikombe akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Mjukuu wangu, mbona jasho linakutoka na kahawa imepoa?"

Digrii akaona hakuna pa kukimbilia. "Si mnajua bosi naye anasoma? Juzi kaniita, kaniambia chuo kimempa kazi ya nyumbani: aandike waraka wa kuzuia wafanyakazi kuchezea intaneti. Kasema ametingwa, nimsaidie."

"Ukakubali!"

"Bosi akiomba, kwani anaomba? Nikajua unakwenda chuoni, unasahihishwa, unafia huko. Nikatia utaalamu wangu wote."

"Na cha msalani?"

"Hicho, dada yangu... nilikichota kwako."

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," alisema Dada Mapokezi, "lakini wewe umeingia na ukoo mzima!"

Kabla hajamaliza, bosi mwenyewe akatokea getini. Wote wakasimama. Kufuli akapiga saluti kwa mkono wenye kikombe, kahawa ikamwagika kifuani.

"Digrii mwanangu! Waraka wetu umepata A! Mhadhiri kasema mwandishi ana uchungu wa kweli na kazi. Nikaona utamu huo usiishie chuoni."

"Hongera, bosi," alisema Digrii kwa sauti ya msibani.

"Sasa kuna zoezi la pili. Natakiwa nitaje njia zote ambazo wafanyakazi watazitumia kukwepa waraka huo, kisha nizizibe. Nalitaka kutoka kwako kabla ya mchana."

"Ukitaja zote, mimi na wewe undugu basi," Kufuli alinong'ona.

Digrii akalikumbuka lile gauni la mama mkwe, na akili ikamjia.

"Bosi, zoezi hili linataka intaneti."

"Yangu sijaifunga. Kalia kiti changu."

"Linataka na utulivu. Mlango ufungwe kwa ndani."

"Funga."

"Na watu wa kuwachunguza, bosi. Mkwepaji lazima aangaliwe akikwepa."

Bosi akawatazama Kufuli na Dada Mapokezi, akaridhika. "Wachukue. Mimi nitasubiri hapa, nisiwasumbue."

Huko ndani Dada Mapokezi aliteka meza ya vikao, Kufuli akaenea kwenye kochi la wageni, kila mmoja na mhadhiri wake simuni. Digrii alizama kwenye kile kiti laini. Dhamiri ikamsuta kidogo, akaandika mstari mmoja wa kazi ya bosi: "Njia ya kwanza, mfanyakazi hukalia kiti cha bosi." Kisha akafungua mtihani. Swali la kwanza alilijua! Akatabasamu mbele ya kompyuta.

Dirisha lilikuwa wazi, na sauti za kijiweni zilimfikia vizuri.

"Bosi wangu," Mzee Kikombe alikuwa akiuliza, "huko chuoni kwani unasomea nini?"

"Uongozi."

Mzee akamwongezea kahawa bila kuombwa.