Panya wa Mama Noëlla na Shangazi wa Mkwe

Jumatano, tarehe 4 Juni

Panya amekula tena makayabu yangu, samaki wa chumvi. Mchana, mbele ya macho yangu, bila haraka, kama mwenye parseli, bwana wa kiwanja! Na siku ya Mungu, Jumapili hii, tunapokea wageni: familia ya Prudent, mchumba wa binti yangu Noëlla. Noëlla ana diplome ya uuguzi. Uzuri ameutoa kwangu, akili pia.

Familia ile ina desturi yake. Shangazi ya kijana, Tante Annette, anaketi kwanza jikoni kwa mama ya binti. Akipendezwa, wanapanga siku ya mahari. Asipopendezwa, wanakunywa maji na kwenda zao. Sasa aone panya!

Jirani yangu Scholastique amesema, hakuna aliyemuuliza, kwamba atanikopesha paka wake. Nimekataa. Paka yule anaringa kama bibi yake. Mimi nilimaliza darasa la sita primaire kwa masista. Mtego nitaufanya mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Jana jioni nilifanya mtego wa ndoo. Maji nusu, kijiti juu, kwenye kijiti kopo la tomati lililopakwa karanga ya kusaga. Panya anakanyaga kopo, kopo linazunguka, panya anazama. Kazi ya injenieri!

Asubuhi mume wangu Grégoire amenawa uso ndani yake. Akalalamika kwamba ananuka karanga. Nikamuuliza ni mtu gani ananawa kwenye mtego. Akauliza ni mtu gani anatega kwenye ndoo ya kunawia. Hapendi maendeleo, huyu.

Karanga imelambwa yote. Panya hakuzama.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Leo ulimbo! Utomvu wa mti, nimeuchemsha na mafuta kidogo mpaka ukavutika kama nywele. Nimeupaka kwenye kipande cha carton, katikati ndagala mmoja, samaki mdogo mkavu. Hivi ndivyo tulivyonasa ndege tukiwa wadogo. Noëlla ameomba, kwa heshima, tumchukue tu yule paka. Nimemwambia mtoto wangu hawezi kuolewa kwa msaada wa paka ya watu.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Umenasa! Umenasa paka ya Scholastique.

Alifuata nini kwangu? Nimemtoa kwa mafuta ya mawese, nusu chupa imekwisha. Amerudi kwao mwekundu mpaka masikio. Scholastique amekuja kuuliza nani amempikia paka wake. Nikamjibu kwamba paka anayeingia kwa watu bila kupiga hodi asishangae. Ameondoka akicheka. Sijapenda kicheko kile.

Ndagala ameliwa. Nimeweka mwingine, carton nikaisogeza pembeni ya ukuta wa jikoni.

Siku ya Mungu, tarehe 8 Juni



Tante Annette ameingia jikoni, mkubwa wa mwili, amevaa liputa mpya, kitenge chenye ndege za kijani. Ameketi kwenye kiti kidogo, pembeni ya ukuta. Liputa ikashuka nyuma mpaka chini. Nikainama kumpa bakuli, nikaona: carton imenata kwenye pindo la liputa, na juu ya carton panya wangu, mzima, amenasa miguu yote, ananitazama.

Nifanye nini? Nikamwongezea sombe, majani ya muhogo. Aliposema ametosheka, nikamwongezea samaki. Nilimwomba Mungu mama yule asisimame mpaka Krismasi.

Amesimama. Ameenda sebuleni kwa hatua za heshima, mbele ya wakwe wote, akivuta nyuma carton na panya. Noëlla amefunika uso. Kabla sijasema neno, paka mwekundu ameruka kutoka mlangoni, ameshika panya, na kipande cha liputa kimeenda naye.

Tante Annette amegeuka taratibu.

“Mama Noëlla,” akasema, “ile panya iko munene sana. Mu nyumba ya njaa, panya haiwezi kunenepa.”

Akaanza kucheka, wakwe wote nyuma yake. Siku ya mahari imepangwa! Nilikuwa karibu kupiga vigelegele, ndipo akauliza paka ni ya nani.

“Iko yangu, Tante,” Scholastique akajibu mlangoni, laini kama asali.

Tante ameamuru kwamba siku ya mahari Scholastique aketi mbele, pembeni yangu. Mbele! Na ameenda kwao amevaa liputa yangu ya Pentekoste. Panya nani alimnasa? Ulimbo wangu! Paka alikuta kazi imekwisha.

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Kuna panya wa pili. Scholastique ametuma habari kwamba paka yuko tayari. Afe na paka wake.

Nimefanya ulimbo mpya, mara mbili ya ule wa kwanza, carton nzima. Nimeuacha upate jua kidogo nje kwenye kiti cha Grégoire, ndicho kiti pekee kilicho na jua.

Grégoire ananiita kutoka nje. Anasema nije na mafuta ya mawese, na nisilete jirani.