Profesa wa Chupa

Siku Profesa alipogundua vijidudu, hakuwa anatafuta vijidudu. Alikuwa ameegemea kaunta ya duka la simu akisubiri mvua ikatike, na akisubiri pia mwenye duka ageuke ili achukue peremende nyingine kwenye kopo. Mwenye duka hakugeuka. Alikuwa anakagua noti kwa kitochi chenye mwanga wa zambarau, na mwanga huo ulipopita kwenye chupa ya bia aliyokuwa ameiosha ili anywee maji, shingo ya chupa iliwaka buluu, michirizi kwa michirizi.

"Nini hiyo?" Profesa akauliza.

"Sijui. Huwa inawaka tu."

Binadamu wa kawaida akisikia "sijui" huendelea na shughuli zake. Profesa yeye, palipo na "sijui" ndipo hufungua ofisi. Ulimi wake ungeweza kumtoa nyoka pangoni, na nyoka mwenyewe akatoka ameshasaini fomu. Alikwisha kuwa injinia wa visima kwa wiki tatu, mpima viwanja kwa siku nne, na asubuhi moja ya masikitiko, daktari wa meno. Uprofesa ulikuwa mpya. Alijitunuku mwenyewe pale kaunta, bila sherehe.

Kufikia Jumatatu alikuwa na kitochi chake, koti jeupe la mtumba lililofuliwa likanyooshwa, na mkokoteni wa kukodi. Alikuwa pia na mteja, mwenye baa mmoja upande wa pili wa mji, aliyetaka chupa za kahawia, zile nene zisizopasuka bia ikijaa gesi, na ambaye hakuwa na tabia ya kuuliza kitu kimetoka wapi. Chupa za namna hiyo zilikuwa zimeadimika. Zilizobaki zilikuwa kwenye stoo za watu waliojipikia bia nyumbani, na watu hao walizipenda kuliko walivyowapenda wakwe zao.

Wa kwanza kuingia mkenge alikuwa mwalimu mmoja mstaafu.

"Chupa zako safi, mwalimu?"

"Zinang'aa!"

"Kung'aa na kuwa safi ni mambo mawili. Hebu funga dirisha."

Dirisha likafungwa, tochi ikawashwa, chupa zikawaka. Mwalimu akarudi nyuma hatua mbili.

"Mungu wangu! Ni nini hao?"

"Vijidudu. Wanaishi shingoni mwa chupa. Ukiishika tu, wanakupanda mkono. Wakivuka kiwiko, mtu anaanza kusahau majina."

Mwalimu, ambaye asubuhi ileile alikuwa amelisahau jina la jirani yake wa miaka kumi na minne, alitafuta kiti.

"Sasa nifanyeje, Profesa?"

"Chupa wagonjwa tunazichukua, maabara inaziteketeza. Ijumaa unaletewa mpya. Kwa kila mgonjwa mmoja, wazima wawili."

Hofu ilikuwa imemkalisha mwalimu, tamaa ikamwinua. Aliomba dakika kumi, akaenda mbio kwa dada yake, akaazima kreti mbili za ziada ili nazo ziugue. Profesa alizipakia kwa uso wa huzuni, maana kazi ya kitaalamu haitaki tabasamu.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Mama Povu.

Mama huyu alipewa jina hilo miaka ishirini nyuma, kwa sababu bia yake ikimiminwa, povu lilisimama kidole kizima juu ya glasi na halikushuka mpaka mnywaji amalize. Sasa jina lilikuwa limegeuka la kumsuta. Kwa miezi miwili bia yake ilitoka tambarare kama chai iliyopoa. Kimea ni kilekile, hamira ileile, sufuria ileile, povu hakuna. Na arusi ya binti yake wa mwisho ilikuwa wiki tatu mbele. Bia ya arusi ilishaiva kwenye pipa. Kesho yake ilitakiwa iingie kwenye chupa, ikae humo na kuvuta gesi, na nafasi ya kupika nyingine haikuwepo. Shangazi wa bwana arusi, mwanamke aliyeweza kumwaibisha mtu kwa kukohoa tu, alikwisha kuuliza mara mbili kama wageni watanywa "ile maarufu". Mama Povu alikuwa hali wala halali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Profesa? Mwalimu amenipigia simu. Anasema hata mimi nina wagonjwa."

Waliingia stoo, mlango ukarudishwa, na kitochi kikafanya kazi yake. Kreti kumi za chupa ziliwaka shingo zote. Mama Povu alishika kifua.

"Kumbe hawa ndio wanaokula povu langu?"

Profesa hakuwa amelifikiria hilo, lakini zawadi haikataliwi.

"Ndicho chakula chao kikuu, mama. Pole sana." Akainama, akaikumbatia kreti ya kwanza, akagundua kuwa ana mikono miwili tu. "Nishikie hiki kitochi nipakie."

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa sababu ya uvivu. Angekiweka mfukoni tu, hadithi hii ingeishia kwenye baa upande wa pili wa mji.

Mama Povu alibaki stoo peke yake na mwanga wa zambarau. Alimulika chupa, zikawaka. Alimulika mdomo wa ndoo, ukawaka. Kitambaa cha kufutia kikawaka, na matone yaliyokaukia sakafuni yakawaka pia, mpaka akaanza kuwahurumia vijidudu kwa wingi wa familia. Kisha akamulika rafu. Pale palikuwa na paketi ya sabuni ya unga yenye harufu ya maua, zawadi ya binti yake mkubwa, aliyesema magadi na brashi ni mambo ya kizamani. Mdomo wa paketi uliwaka hadi akafumba jicho moja.

Zawadi hiyo ililetwa lini? Miezi miwili iliyopita.

Alichukua chupa moja, akaisuuza kwa maji matupu mara tatu, akaimulika. Giza.

"Alaa!" akasema Mama Povu.

Kwanza alifurahi. Bia yake ilikuwa nzima, mikono yake ilikuwa mizima, na aliyeua povu alikuwa sabuni isiyosuuzwa vizuri. Kisha akachungulia kwenye ufa wa mlango, akaiona kreti yake ikipangwa juu ya kreti za mwalimu, na furaha ikapisha hasira. Angeweza kupiga kelele za mwizi. Lakini chupa mia mbili na arobaini zilikuwa hazijaoshwa, kiuno kilikuwa kinamuuma, na pale nje palikuwa na kijana mwenye mikono mirefu. Akamimina sabuni ya unga konzi mbili kwenye beseni, akakoroga.

"Profesa, mwanangu! Umeshika wagonjwa bila glavu. Nawa kwanza."

"Mama, una roho nzuri kweli," Profesa akasema, akanawa mpaka juu ya viwiko.

"Usisuuze wala usifute. Sisi wa chupa huwa tunaacha vikauke vyenyewe."

Aliporudi stoo, mikono imekauka, Mama Povu alikuwa anachezea kitochi kama mtu asiyejua vifaa vya kisasa. Mwanga ulitangatanga darini, ukashuka ukutani, ukatua kwenye koti jeupe.

Koti likawaka lote, kola, mifuko, hata uzi wa vifungo. Kisha mikono, kuanzia kucha hadi viwiko.

Ikumbukwe kwamba Profesa hakuwahi kujua kile kitochi kinaonyesha nini. Alijua kinawaka. Na tangu akinunue, kila mara kilikuwa kimeelekezwa kwa watu wengine.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "hebu zima."

"Nikizima wataondoka?"

"Hii... hii ni hitilafu ya betri."

"Betri! Si wewe uliyemwambia mwalimu wakivuka kiwiko mtu anasahau majina? Haya, haraka, bila kufikiri. Jina lako nani?"

Profesa akafungua mdomo. Lilimjia jina la injinia wa visima. Likaja la mpima viwanja. Likaja la daktari wa meno, likifuatwa na lile aliloandikisha mkokoteni asubuhi. Yote yalisimama mlangoni kwa pamoja, na la kuzaliwa halikupata nafasi ya kupita.

"Mimi ni... naitwa..."

"Yarabi, ameshasahau!" Mama Povu akapiga kofi pajani.

Jasho lilimtoka Profesa. Tangu asubuhi alikuwa ameyahubiri maradhi hayo kwa ufundi mkubwa kiasi kwamba sasa alizijua dalili zake kuliko mtu yeyote, na zote alikuwa nazo, hata ile ya goti ambayo aliibuni njiani.

"Mama, nisaidie. Nina mama yangu kule nyumbani ananitegemea."

Mama Povu alikaribia kumhurumia. Akaikumbuka kreti mkokotenini, akapona.

"Mimi nimeosha chupa miaka ishirini, na sijasahau jina hata moja. Unajua kwa nini? Maji ya moto, magadi na brashi. Hawa wadudu hawawezi kuvumilia kusugua. Vua hilo koti. Liache hapohapo, limekwisha hilo."

Profesa akavua koti, akapiga magoti mbele ya karai.

Aliloweka chupa kwenye maji ya magadi. Aliingiza brashi ya shingo ndefu, akaisukuma na kuizungusha hadi chini kulikoganda machicha. Alisuuza maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, na Mama Povu akamulika kila moja kwenye mwanga wa zambarau, na iliyowaka hata kidogo ikarudi karai. Zilizofaulu zilipangwa kwenye sufuria kubwa la maji baridi, likawekwa motoni lipate moto taratibu, maana chupa baridi ikitumbukizwa kwenye maji yanayochemka hupasuka. Yakachemka, zikaiva, zikatolewa, zikapinduliwa kichwa chini kwenye ubao wa vigingi zichuruzike, bila kufutwa na kitambaa chochote.

Baba mwenye nyumba alirudi kutoka kazini akamkuta mgeni amelowa hadi tumboni.

"Huyu nani?" akamuuliza mkewe.

"Mgonjwa."

Baba aliitikia kwa kichwa, akapita ndani. Miaka thelathini ya ndoa ilimfundisha maswali ya kuuliza na ya kuacha.

Kila kreti ikiisha, Profesa alinyoosha mikono.

"Wamepungua, mama?"

"Wamerudi chini ya kiwiko. Usilegee."

"Na sasa?"

"Wako kwenye kifundo cha mkono. Na wale wa mkokotenini je? Nadhani hao ndio waliokuambukiza."

Basi za mwalimu nazo zikaoshwa, na za dada wa mwalimu. Jua lilipoanza kulegea, ngozi ya Profesa ilikuwa imekunjamana, na kitochi kilipopita juu yake hakikuwasha kitu. Aliitazama mikono yake kwa mapenzi ambayo hakuwahi kuipa hata siku moja.

"Jina limerudi?" Mama Povu akauliza.

"Limerudi!" Akamnong'oneza. Hatutalitaja hapa, maana ni jina zuri na mama yake bado yu hai.

Alishukuru sana. Aliacha koti, aliacha na kitochi, kwa kuwa kilishikwa na mikono ileile, akaondoka amevaa fulana kuukuu ya baba mwenye nyumba, akisukuma mkokoteni mtupu. Mwalimu alipofuata kreti zake, aliuliza kwa aibu kidogo kuhusu ile ahadi ya mbili kwa moja.

"Zako umezipata," Mama Povu akamwambia, "tena zimeoshwa. Hizo ndizo mbili zenyewe."

Siku ya arusi, baba wa bibi arusi ndiye aliyemimina bia, amevaa koti jeupe lililomkaa vizuri mabegani. Povu lilipanda, likasimama kidole kizima, likakaa. Shangazi wa bwana arusi alikunywa, akataka kukohoa, akakuta ana masharubu meupe ya povu juu ya mdomo na ukumbi mzima unamtazama. Akaomba glasi nyingine. Mama Povu alienda nyuma ya jikoni akalia kidogo kwa raha, kisha akafuta uso akarudi kucheza na bintiye.

Jumatatu asubuhi palibishwa hodi. Mlangoni alisimama kijana mwenye fulana kuukuu, ameficha mikono mgongoni.

"Shikamoo, mama. Samahani. Jana nimesahau jina la mtaa ninaokaa. Nikasema nije unipime, kidogo tu."

Mama Povu alimtazama. Kisha aligeuza shingo, akazitazama kreti kumi zilizorudi kutoka arusini, chupa mia mbili na arobaini, machicha yamekaukia ndani, nyingine zina vipande vya keki. Akafungua mlango wote.

"Karibu, mwanangu," akasema, akivuta beseni kwa mguu. "Nawa kwanza."