Cherehani cha Mkwe na Tezi Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Mke wa mwanangu, ambaye kimoyomoyo namwita Sindano, anakitaka chumba changu cha mbele. Eti dirisha lake lina mwanga wa kushonea. Mimi nihamie nyuma, kwenye magunia na baiskeli mbovu! Nikamuuliza kama huyo mumewe alizaliwa na cherehani. Akacheka. Mwanangu akasema atafikiri mpaka Jumapili. Yeye akifikiri huwa amelala.

Jumanne, 5 Machi
Kliniki, kuchukua vidonge vyangu vya kifafa. Daktari mmoja, ndevu tatu, anatuchunguza sisi tunaovimeza. Eti chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere. Mtu akisumbuliwa, inamwaga homoni ya mfadhaiko kwenye damu. Anataka kujua kama dawa yetu inaituliza. Nikauliza, kelele za cherehani nazo zitaonekana humo? Akasema labda, mfadhaiko ni mfadhaiko. Basi! Nitapimwa Ijumaa. Mwanangu haamini maneno ya mama yake, lakini karatasi ya hospitali huishika kwa mikono miwili.

Jumatano, 6 Machi
Kuna tatizo. Dawa ikiituliza tezi, damu yangu itatoka pole na Sindano atachukua chumba. Dawa ya hilo ni rahisi: sinywi. Daktari alionya tusiruke hata kidonge kimoja. Alikuwa anawaonya wasio na akili. Cha leo nimekifukia kwenye chungu cha maua. Maua hayakulalamika.

Alhamisi, 7 Machi
Mzima kabisa. Nimemwambia Sindano akanyage cherehani kwa nguvu, nahitaji kelele. Akanishika paji la uso, akauliza kama mama amekunywa dawa. Nikamwambia asinifundishe kumeza, nilianza kumeza kabla mama yake hajaota meno.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeanguka kifafa kwenye benchi la kliniki. Sikumbuki kitu, nimesimuliwa. Sindano, aliyekuwa amenisindikiza, alinilaza ubavu. Alimfukuza mtu aliyekuja na kijiko cha kunitia mdomoni. Alinikunjia chini ya kichwa gauni la mteja alilokuwa anapeleka. Nimelilowesha mate. Mshono wa kwapani umepinda, nimemwambia. Damu walichukua nilipozinduka.

Jumamosi, 9 Machi
Kliniki, kusikia majibu. Homoni iko juu! Nikamgeukia mwanangu, nikamwambia umeona? Ndevu Tatu akanikatiza. Kifafa chenyewe huipandisha, damu ile haimfai, na nikiacha vidonge tena naweza kufa. Kaniondoa kwenye uchunguzi wake. Nyumbani Sindano akavisaka vidonge kila mahali, akachimba hadi chungu cha maua, akakuta nilivyofukia. Akalia. Nilimtazama vizuri, yalikuwa machozi ya kweli. Nikamwambia asimwage maji kwenye sakafu niliyopiga deki.

Jumapili, 10 Machi
Mwanangu kamaliza kufikiri. Sihami. Nimeshinda!
Ila cherehani kimehamia kwangu, kichwani pa kitanda, Sindano apate kuniangalia mchana kutwa. Trrrr. Kila nikimeza anasema mama, fungua mdomo nione. Nafungua. Mtu mzima na meno yangu.
Nimetafuta kosa liko wapi, na nimelipata. Nilianguka kliniki. Ningeangukia chumba cha nyuma, cherehani kingewekwa huko, nami ningerudi zangu mbele kwa raha.
Kidonge cha leo kiko chini ya ulimi. Nangoja ageuke tu.