Wiski ya Milioni na Laki Nne

Ignasi aliiona riziki yake saa sita mchana, kwenye kaunta ya grosari ya Candida pale Magomeni, wakati mtu mwingine kabisa alipokuwa akiikataa.

Mtu huyo alikuwa bwana mmoja wa makamo, funguo za gari zinaning'inia kidoleni. Alinyooshea kidole chupa moja kwenye rafu ya juu, akauliza bei. Candida akamwambia elfu thelathini na tano. Yule bwana akarudisha mkono haraka kama aliyegusa pasi ya moto.

"Wiski ya Uskochi kwa elfu thelathini na tano? Dada, mimi bado nasomesha."

Akachukua iliyokuwa pembeni yake, ya laki moja na ishirini, akalipa bila hata kuomba apunguziwe, akaondoka zake ameridhika.

"Kila siku ndiyo hivyo," Candida alimwambia Ignasi. "Jamaa mmoja alikuwa anafunga duka, akaniuzia kumi na mbili kwa mkupuo. Ni halali kabisa, stempu ya ushuru hiyo hapo. Ila jina hawalijui, na bei inawatisha."

Jina lenyewe lilikuwa Lochandell. Candida alilitamka Loki Andele, na mtaa mzima hapakuwa na wa kumsahihisha.

"Nafikiria nishushe hadi elfu thelathini," aliongeza.

"Ukishusha utazeeka nazo," Ignasi alisema. "Hebu nionjeshe."

Tumtendee haki Ignasi: alikuwa na ujuzi. Tangu aje Bongo kutoka Masasi alifanya kazi miaka mitatu kama mhudumu wa hoteli moja maeneo ya Posta, na huko alijifunza kwa wageni namna ya kunusa glasi kabla ya kunywa, kutazama dari, na kusema maneno yasiyoweza kuthibitishwa. Hoteli iliachana naye baada ya mgeni mmoja kulalamika kwamba ameuziwa chumba cha kuangalia bahari, na dirisha lake linaangalia jenereta.

Alinusa, akaonja, akatulia. Ilikuwa wiski nzuri. Kasoro yake ilikuwa moja tu, bei, na bei ni kasoro inayotibika kwa mdomo.

Alinunua chupa mbili kwa elfu sabini, ambayo ndiyo ilikuwa pesa yake yote. Kwa fundi seremala wa Buguruni aliyemfahamu akapata kwa mkopo wa maneno kisanduku cha mninga, ndani kimetandikwa kitambaa chekundu kilichobaki kwenye kochi la mtu. Kutoka chupa ya kwanza, ile iliyofunguliwa ili aonje, akamimina kidogo kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi alichokiosha mara tatu. Chupa ya pili, haijafunguliwa, akailaza kisandukuni kama mtoto mchanga. Kisha akavaa shati la mikono mirefu, akaelekea Kariakoo.

Mzee Elibariki alikuwa Mchaga wa Machame aliyekuwa akiuza mashuka na mapazia kwa jumla kwa miaka ishirini na tatu. Ignasi alikuwa amesikia kwa wapagazi kwamba Jumamosi mzee huyo anapokea wakwe wanaokuja kumposa binti yake, Brightness, na kwamba tangu Jumatatu hajalala vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Jumla au rejareja?"

"Mimi siuzi wala sinunui mashuka, mzee wangu. Nimesikia una ugeni." Akaweka chupa iliyofunguliwa juu ya meza, taratibu. "Hii ni laki tisa na nusu."

Muuzaji mwingine angeanza na sifa, halafu bei. Ignasi alianza na bei, kisha akanyamaza, na bei ikaanza kujisifia yenyewe. Mzee Elibariki aliivuta chupa karibu, akaisoma pande zote.

"Laki tisa na nusu ina nini?"

"Wiski ya bei poa inaingia kooni kwa kuvunja mlango. Hii ina funguo zake."

Mzee akaonja. Akatikisa kichwa kwa heshima, lakini uso haukutulia. "Kijana, shida yangu si kulewa. Baba wa huyo bwana harusi, Mzee Theophil, ana malori kumi na sita. Mtu kama huyo ukimpa kinywaji cha bei ndogo atadhani na binti nimempunguzia. Hakuna iliyo juu ya hii?"

Ignasi alitazama dari kwa muda unaostahili. "Ipo. Sikutaka kuitaja. Milioni moja na laki nne."

"Lete."

Akafungua kisanduku. Akaeleza kwamba jina ni moja ila daraja ni jingine, na kwamba chupa yenyewe haifunguliwi mpaka siku yake, lakini kampuni hutoa kichupa cha kuonja kwa wateja wachache. Akamimina ile ya dawa ya kikohozi kwenye glasi ya pili.

Mzee Elibariki alikunywa, akafumba macho. Nje wapagazi walikuwa wanapigizana kelele za kupisha mkokoteni, lakini yeye alikuwa mbali.

"Hapa sasa," alisema. "Hapa pesa inasikika. Ile ya kwanza, nilikuwa sitaki kukuvunja moyo, ilikuwa inakwaruza."

"Watu wengi hawaoni hiyo tofauti, mzee."

"Mimi nimeiona."

Ignasi akaonja kidogo kutoka glasi zote mbili, kwa ajili ya kutimiza adabu ya kazi. Jambo la ajabu ni kwamba ile ya pili ilimteremka vizuri zaidi. Akajikemea moyoni.

Muda wote huo mke wa mzee, Severa, alikuwa nyuma ya duka anakata kamba za marobota, miwani inaning'inia shingoni kwa mnyororo. Sasa akauliza, "Hiyo iliyofunguliwa unatuachia?"

"Ni zawadi yako, Mama Brightness."

"Asante mwanangu," Severa alisema, akaichukua akaenda nayo kwake.

Likabaki suala la malipo, na hapo mzee akakunja uso. Pesa taslimu, alisema, zote ziko bandarini ndani ya kontena. Ila ana mashuka. Severa akaja akatandaza mawili juu ya meza: la elfu kumi na nane, na la pamba ya Misri la laki moja, ambalo mjini mtu analigombea kwa laki na nusu.

"Shika mwenyewe," alimwambia Ignasi.

Ignasi akashika. La elfu kumi na nane lilikuwa kama turubai. La laki moja lilipita vidoleni kama maziwa. Akafumba macho kidogo.

"Naona tofauti, mama."

"Wengi hawaioni," Severa alisema.

Alitoka Kariakoo na mashuka kumi na manne ya laki moja moja, amechukua bajaji kwa sababu mtu mwenye mali ya milioni na laki nne hatembei kwa miguu. Alipopita Mnazi Mmoja alikuwa ameshapanga atakavyotumia faida, kuanzia viatu.

Siku tatu alizunguka na mashuka hayo, na kila aliyetajiwa laki na nusu alimtazama kama mgonjwa. Jumatatu asubuhi, akiwa ameshashuka hadi laki, aliingia gesti moja ya Buguruni, mali ya mwanamke anayeitwa Amira. Amira alilishika shuka kwa vidole viwili.

"Haya ninayo dazani mbili, kaka. Nimenunua kwa Mama Brightness, elfu kumi na nane."

"Hapana dada, hayo ni mengine. Haya ni ya pamba ya Misri."

"Robota ni moja. Ya laki ni yale anayoyaweka rafu ya juu."

Ignasi aliketi kwenye kiti cha mapokezi. Aliingiwa na hisia ambayo kwa miaka mingi alikuwa akiisababisha kwa wengine bila kuijua ladha yake: alikuwa ameingizwa mjini, na kwa heshima zote.

Ndipo simu ikaita. Alikuwa Mzee Elibariki, na sauti yake ilikuwa ya sherehe.

"Kijana, umeniheshimisha. Mzee Theophil anasema maisha yake yote hajanywa kitu kama kile. Ile nyingine tuliwapa madereva wao, wakaamka na vichwa vinagonga. Sasa anataka kumi kwa ajili ya harusi. Zipo?"

Milioni kumi na nne. Mashuka yakaondoka kichwani kwa Ignasi kama hayajawahi kufumwa. "Nipe mpaka saa nane, mzee," alisema, akawa ameshafika barabarani.

Candida alimpokea mlangoni kwa tabasamu ambalo Ignasi hakulipenda.

"Zile kumi? Zimeondoka Alhamisi. Alikuja mama mmoja wa Kichaga, miwani ina mnyororo. Mkononi ana chupa imefunguliwa, anasoma stika yangu ya chini. Si unajua huwa naandika jina la grosari na bei?"

Ignasi hakuwa anajua. Katika maisha yake hajawahi kutazama chini ya chupa.

"Ulimpa kwa elfu thelathini na tano?"

"Si ulinifundisha mwenyewe kwamba nikishusha nitazeeka nazo? Nikamwambia laki moja. Akacheka, akasema mwenye tamaa ndogo ni rahisi kufanya naye biashara, akalipa zote."

Alipofika Kariakoo, jasho limemlowesha shati, gari la Mzee Theophil lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka na vijana wawili wanapakia visanduku vya mninga. Kwa harufu ya vanishi, na kwa muhuri wa karakana ya Buguruni uliogongwa chini ya kila kimoja, Ignasi aliitambua kazi ya fundi wake. Ndani, Mzee Theophil alikuwa amekaa kwenye kiti cha mgeni, glasi mkononi, na Mzee Elibariki amesimama pembeni.

"Umechelewa kijana," Mzee Elibariki alisema. "Mama Brightness amepata kwa mtu wake mwingine. Na hizi ni daraja la juu zaidi, milioni moja na laki sita."

"Ladha yake hata haifanani na ile ya Jumamosi," Mzee Theophil aliongeza. "Ile ilikuwa nzuri. Hii ni kitu kingine."

Ignasi alimtazama Severa. Severa alikuwa anavaa miwani yake ili ahesabu noti vizuri. Na hapo, kwa hasira, mtu huyu aliyeishi kwa maneno akaamua kufanya jambo ambalo hakuwa na uzoefu nalo hata kidogo. Alisema ukweli.

"Wazee wangu, naomba mnisikilize. Wiski hizi zote ni moja. Ya laki tisa na nusu, ya milioni na laki nne, hii ya leo, zote zimetoka rafu moja Magomeni. Bei yake ni elfu thelathini na tano. Ile uliyoonja mwanzo, mzee, na ile ya pili, nilizimimina kutoka chupa ileile."

Mzee Theophil akanywa funda moja, polepole, akaliacha mdomoni, akalimeza. Akageuka kwa Mzee Elibariki.

"Huyu ni nani?"

"Ndiye aliyeniletea ile ya kwanza."

"Basi amekosa biashara ya leo, ndiyo maana anaitukana. Mimi nina umri wa miaka sitini na nne. Elfu thelathini na tano naijua ladha yake."

"Onjeni tena pamoja," Ignasi alisema. "Lete glasi mbili, mzee, nakusihi."

"Nilionja kwa mdomo wangu," Mzee Elibariki alisema, sasa kwa ukali. "Moja ilikwaruza, moja haikukwaruza. Madereva waliumwa vichwa. Unataka kuniambia mdomo wangu ni mwongo?" Akamtazama kutoka viatuni hadi usoni kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Mkwe, niwie radhi. Kumbe huyu kijana ni tapeli."

Severa aliweka noti kwenye droo, akafunga, akamshika Ignasi mkono kwa upole, akamsindikiza hadi nje, kati ya mkokoteni na marobota.

"Mwanangu, una mdomo mzuri sana," alimwambia kwa sauti ya chini. "Ukipata wateja wengine niletee, tutaelewana. Ila suala la bei niachie mimi."

Ignasi akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Severa alisema, akarudi dukani.