Nyumba Isiyo na Rangi

Jamani, leo nimechekwa msibani. Siyo kidogo. Nimechekwa mpaka na katekista!

(Na kabla hamjauliza: ndiyo, hili sikio ni la pinki. Nimelisugua na mafuta ya taa, limegoma. Ngojeni, tutafika huko.)

Mnamkumbuka Linus, fundi rangi wa Mlimba? Yule tuliyekuwa tunaamia naye ndege wa mpunga kwenye dungu moja, kichanja kimoja cha kulindia shamba, tangu tuna meno ya utoto. Amefariki. Homa tu, imemchukua. Mimi habari imenikuta hapa Mlabani, Ifakara, jana jioni, kwa mtu aliyeshuka na treni: "Kaspari, mwenzio hatunaye. Wanamzika kesho alasiri."

Asubuhi nikavaa lile shati langu jeupe la mtumba, mnalijua, lile la harusi zote na misiba yote. Nikapanda treni. Nilikuwa na nia moja tu: nimkute Linus hajatoka nyumbani kwake. Nimlilie pale pale kwake, nimbebe. Basi.

Treni ikachelewa. Ile treni ikisimama, inasimama kama imekuja kuposa! Ni porini, hakuna mtu, hakuna hata mbuzi, yenyewe imetulia inasubiri majibu. Mpaka nafika Mlimba, jua limeshapinda.

Sasa kwa asiyeujua ule mji. Tangu watu waruhusiwe kufanya biashara zao, kila mwenye duka Mlimba akivuna mpunga anapaka ukuta. Duka la njano, milango myekundu. Gesti ya zambarau. Mashine ya kukoboa ya bluu, imechorwa kiboko anakula wali kwa kijiko! Mtu akipaka kijani anaulizwa yuko chama gani, anaongeza madoadoa meupe kujitetea. Upinde wa mvua ukipita pale unaona aibu, unarudi zake Ifakara. Na wote ule ulikuwa mkono wa Linus. Ukipita mtaani unamsikia juu ya ngazi, kutwa anapiga kelele: "Usiguse! Mbichi hiyo!"

Nyumba moja tu alikuwa hajaipaka. Ya kwake. Tofali tupu. Mkewe akimuuliza, anajibu, "Masika yakiisha." Masika yakaja, yakaisha, yakaja tena. Kwa hiyo kumpata Linus ilikuwa rahisi: unatafuta nyumba isiyo na rangi.

Nikatafuta. Nikazunguka. Haipo! Nikamfuata mama mmoja muuza vitumbua.

"Mama, samahani, nyumba isiyo na rangi iko wapi?"

Akanitazama kama naumwa. "Baba, Mlimba hii? Labda urudi ulikotoka."

Nikakimbia tena. Jasho linatoka mpaka kwenye kucha. Mara kengele ya kanisa ikalia. Moyo ukaniambia tayari, wamemtoa.

Ndipo nikasikia vilio nyuma ya ile mashine ya kukoboa. Nikatokea pale, watu wamejaa, jeneza liko mlangoni ndiyo linataka kunyanyuliwa. Na nyumba ni ya pinki. Pinki! Inang'aa kama pipi iliyotemwa sasa hivi. (Nilikuwa nimepita mbele yake mara mbili, nikasema hiyo siyo.)

Sikujiuliza kitu. Nani angejiuliza? Kwetu aliyetoka mbali haingii msibani kimya kama mwizi. Nikaanzia barabarani, mikono kichwani: "Linuuus! Umeniacha dunguni peke yangu!" Watu wakanipisha. Nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye ukuta wake, nikafungua mikono.

Kina mama wakalipuka: "Mbichi hiyo! Usiguse! Mbichi!"

Nikasema moyoni, lo, wanawake wa Mlimba wanajua kuomboleza! Wanamlilia kwa maneno yake mwenyewe! Uchungu ukazidi. Nikaukumbatia ule ukuta mzima. Kifua, viganja, shavu. Nikalia nauburuza uso huku na huku, machozi ya kupandisha mto Kilombero mpaka kivuko kisimame.

Kumbe mafundi wenzake waliipaka alfajiri. Rangi ya mafuta. Walisema Linus hawezi kutolewa kwenye tofali tupu.

Nikageuka.

Sauti moja ikatoka nyuma: "Mtani amefika!"

Weee! Watu wakaanguka. Si mnawajua watani msibani? Wanakuja wamejipaka, wanamwiga marehemu, wanazuia jeneza mpaka wapewe chochote. Na mimi hapo nusu uso pinki, shati lote pinki, nimesimama katikati ya jeneza na njia. Linus mwenyewe!

"Mimi siyo mtani!" nikalia. "Mimi na Linus wote Wandamba, kabila moja! Ni rafiki yangu!"

"Msikieni! Hata kulia anaweza!"

Nikizidi kulia, wanazidi kucheka. Katekista kajificha nyuma ya kitabu, mabega yanacheza. Akatokea bibi mmoja, kajipaka majivu, brashi kuukuu mkononi. Huyo sasa ndiye mtani wa kweli. Akanikagua juu mpaka chini.

"Wewe umetoka wapi kuniharibia kazi? Mimi najiandaa tangu asubuhi!"

Mtu mwingine akanipachika kuku kwapani. Haki ya mtani! (Ndiye huyo chini ya benchi, msimkanyage.)

Mke wa Linus, Mama Roza, alikuwa mkekani. Wanasema tangu mumewe akate roho hajainua kichwa. Akainua. Akaniona. Kicheko kikamtoka kama kikohozi, mpaka khanga ikamdondoka. Halafu kile kicheko kikageuka hapo hapo, akalia, jamani, akalia kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena.

"Ni Kaspari huyo," akasema. "Wa dunguni. Mwacheni alie."

Hakucheka mtu tena. Wakanipa upande wa nyuma wa jeneza. Nimembeba rafiki yangu nikiwa wa pinki, kuku kwapani.

Tuliporudi kutoka makaburini, mafundi wakachukua kopo la rangi wafute alama zangu. Mama Roza akasimama mbele ya ukuta.

"Msiguse. Kazi ya rangi imekwisha, na fundi mwenyewe tumetoka kumlaza."

Nikadandia lori la mchele, nikarudi.

Kwa hiyo mkifika Mlimba, msiulize tena nyumba isiyo na rangi. Ulizeni ya pinki, yenye mtu ukutani kafungua mikono. Ni mimi huyo. Mpeni pole. Msimcheke, kafiwa.