Jinsi Nzuki wa Kwa Vonza Alivyomvisha Baba Yake Barakoa

Zimeni redio, enyi watu wa Kitui, nanyi jirani zetu wa Makueni mnaodai kwamba mashujaa wote walizaliwa kwenu! Mwenye jembe na aliweke chini, na mwenye mtoto mgongoni na amgeuze kifuani apate kusikia naye, kwa maana leo hatusimulii habari za mfalme wala za mateka ya ng'ombe. Twasimulia habari za Nzuki, fundi wa pikipiki, mfungua nati zilizokula kutu, mtuliza kabureta kaidi, ambaye katika mwaka wa pili wa ule ugonjwa alikwenda vitani na kitambaa kisichozidi kiganja, kumkabili adui wa umri wa miaka mitatu. Wapo waliopigana na simba wakarudi nyumbani na haya chache kuliko alizorudi nazo yeye.

Vita hivyo vilianzia nyuma ya kinu cha posho pale Kwa Vonza, katika kituo cha Mwalimu Wayua, mfuta makamasi wa soko zima, ambako wafanyabiashara huwaacha wadogo wao asubuhi na kuwachukua jioni wakiwa wamejaa uji na vumbi. Siku ya Jumamosi Mwalimu aliwaita wazazi waamue jambo moja tu: je, watoto wa kituo wavae barakoa au wasivae? Maskini Mwalimu, alidhani kikao kitaisha kabla chai haijapoa.

Kivulini, kando ya ukuta, lilikaa jeshi la Barakoa, na amiri wake alikuwa Shamso, mwenye duka la sukari na vitambaa, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka kaskazini mashariki. Mama yake, bibi Fartun, alikuwa amelazwa hospitali mwaka huo kwa kifua, na akarudi nyumbani na pumzi za kukopa. Juani, kwa sababu walichelewa, lilikaa jeshi la Nyuso Wazi, na amiri wake hakuwa mwingine ila Kalunde, fundi cherehani, mkewe Nzuki. Nzuki mwenyewe alisimama nyuma kabisa na spana mfukoni, akiomba Mungu asiulizwe kitu.

Kalunde akainuka, akakaza leso kiunoni, akanena.

"Wazazi wenzangu! Mimi nimeshona maski za hii soko yote, kwa hivyo mtu asiniambie sijui maski. Mtu mkubwa avae, hiyo ni sawa. Lakini mtoto wa miaka tatu? Ataitafuna. Ataiangusha kwa choo. Ya huyu atapewa yule, ya yule atapewa huyu, na jioni kila mtu aende nyumbani na mate ya mwenzake! Na akishindwa kupumua, atamwambia nani? Hata kuongea vizuri bado hawajui!"

Jeshi la juani likapiga makofi. Kisha Shamso akasimama, polepole, maana hakuwa mtu wa makelele.

"Mama Mwangangi, hayo yote ni ukweli, sikatai hata moja. Lakini wewe ukirudi nyumbani hukuti mgonjwa. Mimi nakuta mama yangu. Sabrin wangu akiingia tu kwa mlango, anakimbia moja kwa moja mpaka kwa mapaja yake. Nimfunge kamba? Ama nimfungie mama yangu kwa chumba, kama mfungwa? Mimi siwezi. Wote wavae, ama nimtoe Sabrin. Nitampeleka kwa shangazi yake Garissa mpaka hii maneno iishe."

Liliposikika jina la Garissa, majeshi yote mawili yalitazamana. Hapana mtu pale asiyejua habari za Sabrin na Mwangangi, mtoto wa Nzuki. Kijana huyo hakugusa uji mpaka Sabrin aketi kushotoni pake, na mchana alilala ameshika pindo la gauni lake, wala hapakuwa na wa kumbandua. Nzuki aliona moyoni mwake kikombe kimoja juu ya mkeka na mwanawe akikitazama peke yake, na hapo ulimi ukamponyoka.

"Wangu atavaa!" akasema kwa sauti ya radi.

Kalunde akageuka polepole. Waliokuwa karibu wanasema joto la jua liliongezeka. Lakini Mwalimu Wayua, ambaye kwa muda mrefu hakuona mlango wa kutokea, aliudaka huo.

"Basi! Jumatatu tujaribu. Wote wakivaa wakati wa kuimba pale kwa mkeka, tutaendelea hivyo. Akikataa hata mmoja, hakuna kulazimishana, na Mama Sabrin ako huru kwenda na mtoto wake. Haya, kikao kimeisha."

Jioni hiyo Kalunde alimpa mumewe mgongo. Alikaa kwenye cherehani akashona barakoa tatu ndogo za kitenge, zenye mishono miwili miwili. Nzuki alipothubutu kuuliza mbona anazishona ilhali alizipinga, alijibiwa bila kutazamwa: "Kama ni upuzi, wacha ukuwe upuzi umeshonwa vizuri. Lakini kumvisha, utamvisha wewe. Si ulisema ni wako?"

Hapa, msikilizaji usiye Mkamba, sogea karibu upate kuelewa ukubwa wa msiba. Mtoto yule alipewa jina la babu yake, mzee Mwangangi, baba mzazi wa Nzuki, aliyefariki kabla mjukuu hajazaliwa. Na mke wa Kikamba mwenye adabu halitamki jina la baba mkwe wake, wala hamkemei anayelibeba. Tangu siku ya kwanza Kalunde alimwita mwanawe Mzee, na Nzuki, kila moyo ulipokuwa laini, alimwita asa, yaani baba. Mtoto akakua hivyo, akiombwa ruhusa kabla ya kuogeshwa, akiulizwa kama yuko tayari kulala. Kama mnadhani mtu wa namna hiyo anavishwa tu barakoa, basi hamjawahi kuishi na mzee.

Jumatatu ikapambazuka. Watoto wa soko wakaja wamefunikwa, mmoja puani, mmoja machoni, mmoja akiitafuna kama Kalunde alivyotabiri, lakini wote walikuwa nazo. Akabaki Mwangangi, amesimama langoni, uso wazi, mikono nyuma, kama anayekagua shamba.

Nzuki akasonga mbele. Macho ya wazazi wote yalikuwa mgongoni pake, na mtu akitazamwa sana husahau hata malezi yake. Akapaza sauti.

"Mwangangi! Vaa hii sasa hivi!"

"Aiee," akasema mtoto, na hiyo kwa Kikamba ni hapana isiyo na rufaa.

Ndipo vita vikaanza. Nzuki akamshika bega. Mtoto akapinda, akateleza, akaingia baina ya miguu ya baba yake na kutokea nyuma. Nzuki akamzunguka kwa upande wa kulia. Mtoto akamrukia kwa kichwa tumboni, akampokonya silaha, akaizamisha kwenye ndoo ya kunawia mikono. Hivyo ilianguka barakoa ya kwanza. Nzuki akaona nguvu zimeshindwa, akaingia katika hila: akatoa andazi la moto, akalipeperusha mbele ya pua ya adui. Adui akalipokea kwa heshima. Akalila lote, kisha akachukua barakoa ya pili, akajifutia mafuta vidoleni, akamrudishia mwenyewe. Jeshi la Nyuso Wazi liliangua kicheko, na Mwalimu Wayua akajigeuza ukutani.

Shamso hakucheka. Aliangua begi dogo la Sabrin msumarini na kulitia begani. "Baba Mwangangi, wacha," akasema. "Tulisema hakuna kulazimishana. Mimi sina hasira na mtu." Akamshika binti yake mkono. Sabrin, mwenye barakoa yake mpaka chini ya macho, akaanza kuvutwa huku anaangalia nyuma.

Jamani, niseme nini? Nzuki alisimama na barakoa ya mwisho mkononi, jasho likimtiririka, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze ufundi hakujua nati ipi inafunguliwa kwanza. Alitamani kulia.

Ndipo Kalunde, ambaye ushindi ulikuwa wake na alipaswa kuketi tu auchume, akaondoka katika safu ya jeshi lake. Akachukua kiti cha Mwalimu, kiti pekee cha mtu mzima pale kituoni, akakiweka katikati ya uwanja, akakipangusa kwa leso. Kisha akamnong'oneza mumewe, nong'ono la kusikika mpaka kinuni: "Wewe hujamwomba. Uliona nani akimwamrisha baba yako? Hata chifu alikuwa anabisha hodi! Fanya haraka, huyo mtoto anaenda." Akamgeukia mtoto kwa upole. "Mzee, karibu ukae."

Mtoto akatazama kiti. Akapanda kwa magoti, akageuka, akaketi, miguu ikaning'inia. Shamso, aliyekuwa amekwisha kufika langoni, akasimama.

Nzuki akavua kofia. Akapiga goti mavumbini mbele ya kiti, na sauti yake ikashuka.

"Asa, nimekosa. Nimekupigia kelele mbele ya watu, na sikulelewa hivyo. Naomba unisamehe. Nimekuja na neno moja. Yule nyanya wa dukani, mwenye hukupea tende, ni mgonjwa. Hapumui vizuri. Mama Sabrin anasema hii kitambaa itamsaidia. Mama yako anasema haisaidii, ni kusumbua watoto. Mimi sijui, mimi ni mtu wa pikipiki. Lakini Sabrin akienda Garissa, asa, utakunywa uji peke yako, na mimi sitakuwa na la kukuambia. Kwa hivyo nakuomba. Ukikataa, tutarudi nyumbani na hutasikia neno lingine."

Kinu chenyewe, kwa bahati au kwa adabu, kikazimwa. Mzee akaitazama barakoa. Akainusa. Akamtazama Sabrin kule langoni kwa muda mrefu, kama mtu anayepima mpaka wa shamba.

"Sabrin ako nayo?"

"Ako nayo, asa."

"Lete."

Naam, alisema lete! Nzuki akainyoosha mikono iliyowahi kufungua injini mia. Akapitisha uzi sikio la kushoto, akapitisha sikio la kulia, akarudi nyuma hatua moja. Barakoa ikakaa. Mishono ya Kalunde ikang'aa juani, nayo Kalunde akaiangalia kwa fahari ambayo hakuomba.

Lakini mzee hakuwa amemaliza baraza. Kutoka kitini alimnyooshea baba yake kidole. "Na wewe."

Nzuki akajishika usoni, akaikuta barakoa yake chini ya kidevu, mahali ilipokuwa imelala mwezi mzima. Kidole kikaendelea kuzunguka uwanjani, na kila kilipopita kiliona videvu vimevaa na pua ziko wazi, za jeshi la juani na za jeshi la kivulini, na hata ya Shamso, aliyeshusha barakoa yake alfajiri apokee simu. "Na hawa," akaamuru. Nani angebisha? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Zikapandishwa zote kwa mara moja. Kalunde, aliyewashonea wote na asijishonee, akainua ncha ya leso, akajifunika pua mbele ya baba mkwe wake.

Watoto wakaingia mkekani, wakaimba nyimbo mbili ambazo hakuna aliyesikia maneno yake. Kisha uji ukaja, na barakoa zikashushwa, maana uji ni uji. Begi la Sabrin likarudi msumarini. Njiani kurudi sokoni Kalunde alimwambia mumewe, "Mimi bado nasema ni upuzi."

"Basi mwambie Mzee," akajibu Nzuki.

"Aka! Mwambie wewe."

Hakuna aliyemwambia. Na sasa watangazieni watu wa Tulia, na habari ishuke mpaka Ikutha, kwamba katika nchi hii shujaa mmoja alipiga goti na hakuna aliyeshindwa. Wakamba wa kale waliipa miaka majina ya njaa, kila mwaka na njaa yake, ili wazao wao wasisahau. Huu nao tumeupa jina lake, na mtu akituuliza pale Kwa Vonza, tutamwambia bila kufikiri: ni ule mwaka ambao Sabrin hakwenda Garissa.