Pua ya Nekesa

Jumatatu, 1 Oktoba 1956
Mke wangu Nasimiyu amefika kutoka Bungoma na Nekesa wetu. Miezi minane, na sijawahi kumtia machoni! Nilijiandaa. Nilioga mara mbili, nikajimwagia marashi ya waridi. Lile koti langu la karakana ya reli, moshi wa makaa na grisi tupu, nikampa jirani yangu Kosgei. Nani asiyependa waridi?
Nekesa. Nilimbeba hapo stesheni, akapiga chafya, akalia mpaka watu wakageuka. Wanarudi Jumapili. Nina siku sita za kumfanya mwanangu anizoee.

Jumanne, 2 Oktoba
Marashi yalikuwa kidogo, nadhani. Nimeongeza. Kilio nacho kimeongezeka. Nasimiyu ameuliza kama siku hizi nafanya kazi ya reli au ya kinyozi.

Jumatano, 3 Oktoba
Aibu! Kosgei ametoka kazini, hata uso hajanawa, akanyoosha mikono. Nekesa akamrukia. Akaweka pua kifuani pake, akalala. Mimi baba yake, hata kidole changu hataki.
Nimechunguza. Kosgei hunywa maziwa lala ya kibuyu, yale yenye harufu ya moshi. Siri ni hiyo.

Alhamisi, 4 Oktoba
Nimeomba maziwa kwa Kosgei, nikadanganya kwamba tumbo linaniuma. Nimejipaka shingoni na kifuani. Paka wawili wamenifuata mpaka mlangoni. Nekesa amenusa, akatapika.
Nilikaa nje peke yangu mpaka maziwa yakakauka. Sikulia. Macho yaliwasha tu.

Ijumaa, 5 Oktoba
Nasimiyu ameuliza koti langu la kazi liko wapi. Nikamjibu kwa maringo kwamba lilinuka, nikamgawia Kosgei. Akavuta kikapu chake.
"Baba Nekesa," akasema, "ile shati ya kazi uliacha nyumbani sikuifua. Mtoto analala juu yake tangu azaliwe. Nilitaka akujue."
Akalitoa humo. Grisi, makaa, jasho langu la mwaka jana.
Kumbe hakumrukia Kosgei. Alilirukia koti langu lililokuwa mwilini mwake! Siku tano mtoto ananitafuta, na mimi najisugua nisipatikane. Mjinga mimi.

Jumamosi, 6 Oktoba
Nimeenda kwa Kosgei kuazima koti langu mwenyewe. Alicheka, akanipa. Nekesa akanusa kola. Akanitazama. Akanishika sikio, akalala kifuani pangu mpaka mkono ukafa ganzi, na sikuthubutu kuusogeza. Laiti ningejua Jumatatu. Nimeapa, marashi basi.

Jumapili, 7 Oktoba
Gari lao ni saa nane. Nimeamka na huzuni, halafu wazo zuri likanijia. Mwanangu sasa ananijua; alale mwaka mzima juu ya kitambaa kinachonuka, kwa nini? Nasimiyu alipokuwa kanisani nimelichukua lile shati, nimelifua kwa maji moto mara tatu, nimelipiga pasi. Chupa ya waridi ilikuwa na matone yaliyobaki, nimeyamalizia hapo kwenye kola.
Huko Bungoma atanikumbuka vizuri.